Maji ya Momella na Meno Yetu

Binti yangu alilamba maji ya ziwa.

Tulikuwa katikati ya Momella Ndogo, ziwa la ndani ya Hifadhi ya Arusha, mitumbwi miwili, jua la saa nne limeshaanza kuuma mabegani. Alikuwa ameshakatazwa kusimama, ameshakatazwa kuinama, ameshakatazwa kupiga kelele kwa sababu ya viboko. Kulamba vidole hakuna aliyekukumbuka. Alichovya mkono, akaonja kama mpishi anayeonja mchuzi, akanigeukia.

"Mama, hii ni magadi."

Kijana aliyekuwa akitupigia kasia alicheka hadi mtumbwi ukatikisika. "Umepatia kabisa," akamwambia. "Ila usirudie, sawa? Haya hayanywewi." Akacheka tena, na safari hii nikayaona meno yake vizuri. Ya kahawia, na kuelekea kwenye ufizi yamekuwa karibu meusi.

Meno ya kwetu. Sikuhitaji kumuuliza kazaliwa upande gani wa mlima.

Binti naye alimtazama kinywani. Halafu akanitazama mimi. Angesema kitu, namjua, lakini kiboko mmoja alipuliza maji umbali usiopendeza, kijana akageuza mtumbwi haraka, na mazungumzo yakawa mengine.

Yeye alisahau. Mimi ile tazama yake nimetembea nayo wiki kadhaa sasa: sokoni, kazini, usiku nikiosha vyombo. Nimeona niiandike, pengine itanipa nafasi.

Hifadhi ya dirishani

Wazo la kwenda lilikuwa la mume wangu. Yeye ni mtu wa Old Moshi, na kama Wachaga wengi ninaowajua, anaamini mlima ni mmoja tu duniani, Kilimanjaro, na huu wetu wa Meru ni kichuguu. Lakini alikuwa amechoka kuona mtoto anajua simba wa kwenye katuni na hajui mbega wa Ngurdoto. Tukakubaliana: Jumamosi, gari la shemeji, chapati na mayai ya kuchemsha, na bibi tumchukue.

Hapo kwenye bibi ndipo safari ilipokuwa na ladha.

Mama yangu anaishi Ngarenanyuki. Anayeijua njia anajua kwamba ukitoka Usa River kwenda kwetu, barabara inapita ndani ya hifadhi. Unaingilia Ngongongare, unapita Serengeti Ndogo penye pundamilia na nyati, unakata msitu, unatokea geti la Momella, upo nyumbani. Mama ameipita njia hiyo tangu akiwa msichana, akiwa na matenga ya nyanya, akiwa na mgonjwa, akiwa na maiti, akiwa na mimi mgongoni. Twiga amewaona wengi kuliko watalii wote wa hoteli za Usa.

Na hajawahi kushuka. Abiria wa kwenda Ngarenanyuki hashuki, gari linapita tu.

Kwa hiyo siku hiyo alipoingia getini kama mgeni, na jina lake likaandikwa, na mume wangu akalipa kiingilio chake, alishika mkoba wake mapajani akatazama mbele kama aliye kanisani. "Mnalipa kuingia njia ya nyumbani," akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatuchunguza akili.

Msituni hakuna haraka

Sitaeleza msitu wa Ngurdoto kwa urefu, wengi mmeshafika au mna jamaa aliyefika na picha zake mmeziona. Nitasema tu kwamba ni msitu unaomchosha mtu aliyezoea mbuga. Mbugani unatazama mbali na wanyama wanakuja machoni. Huku unatazama karibu na hakuna kitu, majani, majani, ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi, halafu tawi moja linatikisika.

Binti aliuliza simba mara nyingi mno. Dereva wetu, yaani shemeji, akamwambia kwamba Hifadhi ya Arusha haijulikani kwa simba, inajulikana kwa chui, na chui haonekani. Mtoto akaona tumetapeliwa.

Mbega ndiye aliyetuokoa. Lilikuwa kundi zima juu ya mkuyu, mikia myeupe imeshuka, wanakula majani bila kutujali. Mume wangu alimwonyesha binti kwamba mbega hana kidole gumba, na ndivyo alivyo, mkono wake ni vidole vinne vya kunasia matawi. Mtoto akakunja gumba lake na kujaribu kushika chapati. Safari yote iliyobaki alikula hivyo.

Tulipanda hadi ukingoni mwa kreta, ile bakuli yenye upana wa kama kilomita tatu ambayo mgeni haruhusiwi kushuka ndani yake. Nyati chini walionekana kama punje. Mama alisogea ukingoni polepole, akatazama kwa muda, akasema kwa Kimeru neno ambalo nitalitafsiri kwa heshima: kumbe.

Umri wote huo anapita umbali wa kilomita chache kutoka pale.

Picha

Kwenye maziwa mama alikataa mtumbwi. Alikaa kivulini na askari wa hifadhi mwenye bunduki, wakagundua wana ukoo wa kupakana, na tuliporudi nchi kavu walikuwa wameshafika kwenye habari za mahari ya mtu.

Huyo askari ndiye aliyetupiga picha ya familia, ziwa nyuma, Meru nyuma yake, mawingu yamekaa kileleni. "Chekeni basi!"

Jioni ile mume wangu aliirusha kwenye kundi la familia. Niliitazama siku nyingi kabla ya kuona kilichokuwa kikinisumbua. Mume wangu kafungua kinywa chote. Shemeji vilevile. Binti anacheka akionyesha pengo la meno ya mbele. Mama na mimi tumefunga midomo. Siyo kwamba tumenuna. Macho yanacheka kabisa. Midomo tu imebanwa, ya mama na yangu, kwa namna ileile, mkunjo uleule upande wa kushoto.

Hakuna aliyenifundisha. Nadhani hata yeye hakufundishwa.

Wenzangu wa Maji ya Chai, Kikatiti, King'ori, Leguruki, Oldonyosambu, mnajua ninachosema. Ukifika Dar kusoma, mtu wa kwanza kukaa nawe bwenini anakuuliza kama kwenu hamna mswaki. Wa pili, aliyewahi kufika kaskazini, anasema "aa, wewe wa Arusha" kabla hujajitambulisha. Kuna waliojisugua kwa mkaa, kwa mchanga, kwa majivu, hadi ufizi ukatoka damu, na rangi ikabaki palepale kwa sababu haiko juu ya jino, iko ndani yake. Kuna harusi niliyohudhuria ambapo bibi harusi hakucheka kutwa nzima, na kamati ikasema ana maringo.

Mimi nilijiona nimeshavuka hayo. Nina kazi, nina mume anayenitania kuhusu kila kitu isipokuwa hilo, nazungumza mbele ya watu bila shida. Halafu inakuja picha moja ya matembezi.

Kinachomfurahisha flamingo

Niliporudi nilianza kusoma, kwa sababu kauli ya mtoto ilikuwa imenishtua kwa usahihi wake. Magadi! Hakukosea hata kidogo.

Maziwa ya Momella yako kwenye kifusi. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, mlima ukamwaga matope na mawe hadi mbali, na kwenye mabonde ya kifusi hicho maji yakatuama. Ndiyo maana ukiutazama Meru kutoka Momella unaona kreta iliyobomoka upande mmoja, na kilele cha mita 4,566 kimesimama ukingoni. Maji yanaingia maziwani chini kwa chini na kwa vijito, jua linayanyonya, chumvi zinabaki. Kila ziwa lina kipimo chake cha chumvi na mwani wake, ndiyo sababu moja ni la kijani na jirani yake ni la buluu.

Flamingo anakuja kwa ajili ya mwani huo. Mwani unapenda magadi, flamingo anapenda mwani, na ile rangi ya waridi tunayosafiri kuipiga picha inatokana na chakula hicho. Akitaka kutaga anakwenda Ziwa Natron, kwenye magadi makali zaidi, ambako ndiko hasa flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana.

Sasa upande wa pili wa hesabu hiyohiyo.

Miamba ya Meru na majivu yake yana floraidi kwa wingi, yaani madini ambayo yakizidi kwenye maji huharibu meno na mifupa. Mvua inaponyesha msituni ni maji matupu, karibu hayana floraidi kabisa. Yanapopenya kwenye majivu na miamba ndipo yanapoibeba. Mahali pengine duniani kalsiamu ingeinasa na kuiacha ardhini, lakini maji ya mlima huu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi inasafiri nayo hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Vipimo vilivyofanywa kwenye mito ya kuzunguka Meru miaka ya themanini vilipata kuanzia 12 hadi 76. Kwenye maziwa ya magadi, Momella ikiwamo, ilifika 690.

Nilisoma hiyo 690 nikakumbuka ulimi wa mwanangu. Kidole kimoja hakimdhuru mtu, najua. Nilikwenda kumchungulia kitandani hata hivyo.

Na nchi yetu, kwa miaka mingi, iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, si kwa kutojua madhara bali kwa sababu kufunga kila chanzo kinachozidi kungeacha watu bila maji. Baadaye ikawa 4. Leo kiwango ni 1.5 kama cha dunia, na mito haijasoma tangazo.

Kwa hiyo warembo wale wa waridi wanaotuletea wageni, na meno yangu, vinatoka jiko moja. Sijui kwa nini ilinichukua umri huu kuviweka kwenye sentensi moja. Pengine kwa sababu kimoja kipo kwenye mabango ya uwanja wa ndege na kingine tunakibania midomo.

Jino linalokuja

Hapa ndipo penye usumbufu wenyewe.

Pengo la binti yangu linajazwa. Meno mawili ya juu ya mbele, yale ambayo atazeeka nayo, yameanza kuchungulia.

Nilidhani floraidi inapaka meno yaliyokwisha kuota, kwa hiyo ukimwangalia mtoto tangu sasa, umemwokoa. Sivyo. Ganda la jino linatengenezwa wakati jino bado limelala ndani ya ufizi. Kwa meno ya mbele kazi kubwa inafanyika mtoto akiwa mchanga, hadi kama miaka mitatu. Kwa mengine inaendelea hadi karibu minane. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho ganda linajengwa likiwa na vinyweleo. Jino linaota, pengine jeupe kupita kiasi, jeupe la chokaa, na rangi inaingia baadaye, taratibu, kutokana na vyakula na vinywaji.

Maana yake ni kwamba jibu lilishaandikwa. Mimi nasubiri tu karatasi ifunguliwe.

Na katika kipindi hicho binti yangu alikuwa wapi? Likizo ya uzazi ilipokwisha nilirudi kazini, na mtoto akakaa kwa bibi yake Ngarenanyuki muda mrefu kuliko tulivyopanga, maana binti wa kazi wa kwanza aliondoka na wa pili hakupatikana. Alikula uji wa bibi. Alikunywa maji ya bibi, yaliyochemshwa vizuri sana, kwa sababu mama yangu ni msafi na kliniki waliambiwa wachemshe.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiondoki. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo kikombe kilichochemka sana kinakuwa na floraidi zaidi ya kilichotoka bombani.

Sijutii kumpeleka. Niliandika sentensi hii nikaifuta, nikairudisha. Mtoto aliyelelewa na bibi yake amepata vitu ambavyo hakuna kipimo chake, na mwaka ule bila mama yangu ningeacha kazi. Lakini kutojutia na kutowaza ni vitu viwili. Kila asubuhi nikimsimamia apige mswaki namwambia afungue kinywa zaidi, naye anadhani namkagua usafi.

Daktari wa meno alimtazama kwa tochi na kioo. Akasema kuna michirizi meupe, ni mapema kusema, tukutane meno yakishuka. Nikamuuliza moja kwa moja: yatakuwa kama yangu? Akanitazama mdomoni kwa ustaarabu wa kazi yake. Akasema yangu ni ya kiwango cha kati, na kwamba siku hizi kuna namna za kufunika.

Kiwango cha kati! Nilitoka pale nimechanganyikiwa kwa sababu nilijisikia kusifiwa.

Mfuko wa magadi

Mama alikuja mjini wiki zilizofuata, na kama kawaida alikuja na mzigo: nyanya, maharage mapya, na magadi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Makande bila magadi kwake ni kuni zilizopotea. Mnafu bila magadi ni uchungu mtupu.

Nikamwambia nilichosoma. Kwamba magadi haya ni ndugu wa maji yale, hasa yale yanayokwanguliwa juu ya udongo kiangazi. Kwamba wataalamu waliokuwa wakishangaa kwa nini watu wa sehemu zenye maji yenye floraidi kidogo nao wana meno ya kahawia, walikuta sababu moja ni magadi ya kupikia. Mtoto anakunywa maji salama ya chupa, halafu anakula makande.

Alinisikiliza hadi mwisho. Mama yangu hakatizi mtu.

"Mwanangu," akasema, "meno haya yamekula mahindi ya kuchoma hadi leo. Jirani yako wa meno meupe ana ya bandia."

Nikamwambia siyo meno tu, ni mifupa. Nikamtajia mtoto wa jirani yetu wa zamani, yule aliyekuwa na matege ya kupindukia, magoti yamepishana hadi akawa anatembea kwa kuyumba. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni mambo ya ukoo wao. Nikamtajia wazee wa kijijini ambao shingo haigeuki, mgongo haukunjiki, wakitaka kukutazama wanageuka mwili mzima. Tulisema ni uzee, ni jembe.

Hapo alinyamaza. Kuna mtu alikuwa anamfikiria, na nadhani namjua, maana baba yangu miaka yake ya mwisho alikuwa havai viatu vya kamba.

Hatukulitaja.

Akainuka akaenda kuangalia maharage.

Ardhi tuliyoikatalia

Kuna kipande ambacho siwezi kukiacha, ingawa kinastahili makala yake peke yake.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru Ngarenanyuki kwa nguvu ili kuwapa walowezi eneo la kufugia. Watu walihamishiwa King'ori, nyumba zao zikabomolewa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi hiyo, akiwa na wakili Earle Seaton. Kwetu hadithi hii haihitaji kusimuliwa, mtoto anazaliwa nayo. Baadaye watu walirudi.

Walirudi kwenye maji haya.

Nilipokuwa msichana mwenye hasira na meno yangu niliwahi kumuuliza baba kwa nini wazee hawakubaki kule walikopelekwa. Aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuuliza tena. Na sasa nikiwa mtu mzima swali limenirudia kwa mlango mwingine, kwa sababu kila mtaalamu anayeandika kuhusu floraidi mwisho anagusa suala la chanzo kingine, mahali pengine. Mtu anayesema hivyo kwa watu wa Ngarenanyuki, hata kwa nia njema, ajue anaongea na akina nani.

Simlaumu mtaalamu. Nasema tu kwamba kwetu suluhisho litabidi litufuate tulipo.

Mifupa, mchanga na bati

Na kwa kweli limeshaanza kutufuata, kwa mwendo wake. Pale Ngurdoto, njia ileile ya kwenda hifadhini, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo hadi inakuwa nyeusi, inasagwa chengachenga, maji yanapitishwa humo na mifupa inainasa floraidi, kama ambavyo mifupa yetu inaivuta mwilini. Nilipoelewa hilo nilikaa chini. Ng'ombe aliyekwisha kufa anafanya kazi ambayo magoti ya mtoto wa jirani yalikuwa yakiifanya bila kuombwa.

Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba mkaa unachoka, lazima ubadilishwe, na kwa macho hujui umechoka lini kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu. Halafu kuna wanaouliza mifupa ya mnyama gani, swali la haki kabisa kwa Mwislamu au Msabato. Tengeru nako, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na chembechembe ndogo mno zinazoweza kulengwa kwa uchafu wa mahali husika, floraidi ikiwamo, akapata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Jijini Arusha nako kuna mradi ule wa maji wa shilingi bilioni 520 ambao sote tunaujua kwa mashimo yake barabarani. Moja ya madhumuni yake ilikuwa kupunguza floraidi bombani.

Kijijini kwa mama, lililo karibu zaidi ni mvua. Maji yaleyale ya msituni, ila yadakwe kabla hayajagusa mlima.

Nikaitisha michango kwenye kundi la familia. Tanki la lita elfu tano, gata, msingi wa zege. Kaka yangu wa Mwanza akatuma emoji ya dole na hela akasahau. Dada akauliza kwa nini tusimchimbie kisima, nikalazimika kuandika ujumbe mrefu kuliko makala hii. Mume wangu, ambaye si mtu wa Ngarenanyuki na anaweza kunywa bomba la Old Moshi maisha yake yote, ndiye aliyetoa kwanza na kutoa nyingi.

Ngarenanyuki mvua si ya kutosha mwaka mzima; sisi ni upande uliokingwa na mlima, nyanya zetu zinaishi kwa mifereji. Kwa hiyo maji ya tanki yatakuwa ya kunywa na ya uji tu, ya kuosha na ya ng'ombe yatoke mtoni kama zamani. Nilimweleza mama kwa simu hesabu hiyo. Ndoo mbili kwa siku, siyo zaidi, na wajukuu wakija ni hayo tu.

Fundi alikwenda Jumatano. Akapanda, akagonga, akashuka na habari: bati la nyumba kubwa ni kuukuu, lina kutu, na maji yake yatakuwa mekundu. Kwanza bati, halafu gata, halafu tanki. Bajeti ikageuka mara mbili pale pale uwanjani, na kaka wa Mwanza akawa hapatikani.

Mama alinipigia mwenyewe jioni. Alikuwa ameshazungumza na fundi, ameshamshusha bei ya misumari, na ameshaamua kwamba waanze na bati za jiko, ambazo ni mpya kidogo na zinatosha tanki dogo. Maji ya mvua atakunywa, alisema, ingawa anayajua, hayana ladha yoyote, mtu anakunywa na kiu inabaki. Uji wa wajukuu atapikia hayo.

Lakini makande yake yatawekwa magadi kama siku zote, na mjukuu akitaka atakula.

Nimemwambia hapana. Tumekata simu bila kuelewana, na Jumapili tunakwenda kula kwake.